Barakoa ya Gari la Baba Mkwe

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha nimekaa sakafuni peke yangu, natazama kochi lisilo na nguo.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa viti vya magari. Navisha viti, milango, dari, hata usukani. Mteja mmoja alikuja na haraka zake, kitambaa kikaniishia katikati ya kazi, nikavua kitambaa cha kochi letu na kumalizia kiti chake cha nyuma. Nilikusudia kuweka kingine kabla mke wangu hajarudi kutoka kazini. Akarudi mapema.

Aliniuliza kitambaa kiko wapi. Nikamwambia panya. Akaniuliza ni panya gani anayekula kitambaa chote akaacha mishono imenyooka. Nikamwambia basi, nimekipeleka kufuliwa. Bado nazungumza, hodi mlangoni, akaingia baba yake, yule yule aliyetuzawadia kochi hilo siku ya harusi. Hakutazama, akajibwaga pale alipozoea. Springi zikamdaka. Alipoinuka, suruali haikuinuka yote.

Waliondoka pamoja. Binti alitangulia na sanduku, baba akafuata amejifunika nyuma kwa gazeti. Gazeti lenyewe ni hili unalosoma.

Tangu hapo mmeniandikia ushauri mwingi. Mmoja kasema nioe mwingine. Mmoja kasema nikalie mlangoni kwa wakwe mpaka wanionee huruma. Mmoja kauliza kama bado navisha viti, maana vya kwake vimechanika. Huyo namwambia aje tu, nipo.

Haya, tuendelee.

Jumamosi asubuhi baba mkwe alinipigia simu.

"Njoo nyumbani. Njoo na vifaa vyako."

"Vifaa gani, baba?"

"Kwani wewe ni fundi wa nini?"

Nilioga mara ya pili siku hiyo. Nilijua ninachoitiwa: kikao. Nitakaa kwenye kiti cha pembeni, nitasemwa, nitaomba radhi, halafu mke wangu ataitwa. Nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kuinamisha kichwa. Nilijiona nafaa kabisa.

Getini nilipokewa na mzee mwenyewe. Alikuwa mkurugenzi wa ofisi fulani kubwa. Alipostaafu, cheo hakikustaafu naye. Nyumbani wote wanamwita Mkurugenzi, hata mkewe, ingawa mkewe hulitamka jina hilo kama mtu anayemwita kuku aliyeingia sebuleni.

Hakunipeleka sebuleni. Alinipitisha pembeni ya nyumba mpaka kwenye banda la gari.

Banda hili lazima niwaeleze. Nyumba ile ina vyumba vya nyuma ambavyo havijaezekwa tangu nikiwa mchumba. Jiko lina sakafu ya saruji iliyopasuka, ukipita na sufuria ya uji uombe Mungu. Lakini banda lina vigae, feni na pazia. Humo ndani linaishi gari la michezo, jekundu, milango miwili, fupi kama limekaliwa. Mzee alipolipwa kiinua mgongo chake, wengine walitarajia mabati. Yeye akaja na hilo.

"Piga magoti," aliniambia.

Nikapiga. Kichwa nikakiinamisha kama nilivyofanya mazoezi. "Baba, nimekosa. Tena nimekosa sana, na—"

"Nani kakuuliza habari hizo? Tazama pua."

Nikatazama pua ya gari. Nyekundu, inang'aa, najiona mwenyewe ndani yake nikiwa na uso mpana.

"Unaona nini?"

"Uzuri, baba."

"Mimi naona hatari. Kokoto zinarushwa na magari ya mbele. Vumbi. Wadudu. Mdudu akigonga rangi kwa kasi, tumbo lake lina tindikali. Linakula rangi."

Nikatingisha kichwa kwa masikitiko. Sikutaka kumkumbusha kwamba gari lile huenda dukani kununua mkate na kurudi, kwa mwendo ambao mdudu angelazimika kulikimbilia ndipo agongwe.

Akatoa simu, akanionyesha picha. Gari kama lake, la watu wengine huko, limevishwa ngozi nyeusi puani: imefunika ukingo wa boneti na bampa lote, imeachia matundu ya taa na ya hewa, imebana kama soksi.

"Nataka hii. Ile ya kufunika gari zima ni ya magari yaliyolala. Hili linatembea. Nataka litembee limevaa."

"Kama barakoa," nikasema.

"Haswa! Barakoa." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya springi kama mtu anayetazama mtu. "Unaweza?"

"Naweza, baba."

"Ukiishona ikakaa vizuri, utaondoka hapa na mke wako. Hilo ni neno langu."

Ningeweza kulibusu gari. Sikulibusu kwa sababu sharti lililofuata lilikuwa kwamba nisiliguse.

"Nitapimaje bila kuligusa, baba?"

"Utaligusa kwa adabu. Vua saa. Vua mkanda, una chuma. Hilo shati lina vifungo, livue."

Basi nikapima gari la mkwe wangu nimevaa fulana ya ndani, futi mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika suruali isishuke. Ndipo mama mkwe akaingia na chai.

Kuna mambo mtu hapaswi kuonwa nayo na mama mkwe. Nilijaribu kusimama kwa heshima nikakumbuka suruali, nikarudi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Nguo ziko wapi?"

"Mkurugenzi amesema nivue."

Akamgeukia mumewe. Mama huyu hapigi kelele. Anaongea taratibu kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Mkurugenzi, sasa tunawavua wakwe?"

"Ni kulinda rangi."

"Ilinde," mama akasema, akiweka sinia juu ya kiti. "Mkwe, na wewe usikie, uwe shahidi. Siku nitakayoona mkwaruzo mmoja kwenye hiki kitu, kinauzwa na vyumba vya nyuma vinaezekwa. Alikubali mwenyewe kwa mdomo wake siku alipokileta. Na kisipouzwa, naondoka mimi. Sukari ipo kwenye kikombe."

Akatoka. Mzee alikunywa chai yangu bila kujua.

Ili kupata umbo la kitu kilichopinda kama pua ya gari, hupimi tu. Unakivisha karatasi, unaibana kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi inayobanduka kirahisi, unachora mishono kwa kalamu, halafu unavua karatasi ikiwa na umbo lake. Kwa hiyo nilihitaji magazeti, na magazeti yalikuwa jikoni, na jikoni alikuwa mke wangu.

Nilipomwona nilisahau nilichofuata. Alikuwa anachambua mchele, amejifunga khanga kiunoni. Wiki moja tu, lakini nilihisi kama nimerudi kutoka safari ya mbali na sijapokewa.

"Mke wangu."

"Funga mkanda."

"Baba yako ameuchukua."

Akauma mdomo asicheke. Nikaona nafasi. "Nikimaliza kushona, baba amesema tunaondoka wote. Ametoa neno lake."

Akaliweka chini sinia la mchele. "Nimesikia. Dirisha hili linasikia kila kitu. Sasa nisikilize na mimi. Mimi si chenji, kwamba ukimaliza kazi unarudishiwa. Baba yangu anaweza kukupa soda, anaweza kukupa asante. Kuhusu mimi utaongea na mimi."

"Naongea. Kochi nitalivisha upya, kitambaa kizuri kuliko—"

"Unadhani niliondoka kwa sababu ya kochi?"

"Kwani uliondoka kwa sababu gani?"

"Niliondoka kwa sababu ya panya."

Nikalitazama sinia la mchele.

"Ungeniambia mteja alikuja, kitambaa kikakuishia, ningekupigia kelele jioni moja tukalala. Lakini wewe ukiulizwa, kabla hujafikiri, panya huyo! Mwaka jana ilikuwa mvua. Mwezi uliopita ilikuwa fundi umeme. Nimechoka kuishi na wageni wote hao." Macho yake yalikuwa mekundu na hakukuwa na kitunguu. "Siku utakayoulizwa swali gumu ukajibu kama lilivyo, papo hapo, nitabeba sanduku langu mwenyewe. Kabla ya hapo usinishonee chochote."

Akanipa magazeti. Nilirudi bandani miguu mizito.

Mzee alikuwa ameingia ndani kutafuta miwani. Nikaivisha pua magazeti, nikabana kwa tepu, nikachora mishono: mmoja juu ya boneti, miwili kuzunguka taa, mmoja chini. Kazi ilikuwa inaenda vizuri mpaka nilipoanza kubandua. Tepu ya kwanza ilitoka safi. Ya pili safi. Ya chini, upande wa kushoto, nilipoivuta ilikuja na rangi.

Sio unga wa rangi. Ngozi nzima, nyekundu, nyembamba, ndefu kama utepe wa zawadi. Na pale ilipotoka pakabaki mtaro mweupe wa kijivu umeingia mpaka kwenye plastiki.

 Nimechuna gari la baba mkwe. Nililiambia lile gari samahani, kwa sauti.

Nikasikia viatu. Nikasimama mbele ya pua nikaitanua fulana yangu kama pazia. Na tayari, wasomaji, bila kuulizwa, kichwani mwangu panya alikuwa amekwisha kufika.

"Sogea," mzee akasema.

"Baba, nadhani kuna panya hapa ndani—"

"Sogea!"

Nikasogea. Akaona mtaro. Akaona tepu mkononi mwangu inayoning'inia na utepe mwekundu. Nikafumba macho nisubiri kofi.

Nikasikia mlango unafungwa. Halafu pazia. Nilipofumbua macho, Mkurugenzi alikuwa ameketi juu ya kindoo cha maji, amezeeka ghafla, na kutoka mfukoni mwa koti akatoa kichupa kidogo chenye kifuniko kirefu. Rangi ya kucha. Nyekundu.

"Usiseme kwa sauti," akanong'ona. "Hukuichuna wewe."

Nikakaa chini kwenye vigae.

"Ni mimi. Mwezi uliopita, narudi na mkate. Lile geti lilikuwa limefunguliwa nusu, na mimi macho yangu jioni..." Akakigeuza kichupa kiganjani. "Niliazima kichupa hiki chumbani kwa mkeo alipokuja kututembelea. Napaka kila Ijumaa."

Nilikumbuka kichupa hicho. Mke wangu alikitafuta nyumba nzima, akaniuliza, na mimi nilimwambia huenda kimechukuliwa na fundi umeme.

"Kwa hiyo barakoa, baba, siyo ya wadudu?"

"Wadudu wapi! Mdudu gani wa kugonga mwendo wangu?" Karibu acheke, akashindwa. "Umemsikia mama yako. Mkwaruzo mmoja. Mwanangu, pale ofisini nilikuwa na dereva, na mhudumu, na watu wanasimama nikipita. Sasa hakuna anayesimama. Nikikaa ndani ya gari hili, watoto barabarani wanapunga mkono. Nikinyang'anywa, nabaki mzee anayeuliza chakula kimeiva au bado."

Nilimwonea huruma, sitaficha. Tangu nimwoe binti yake alikuwa hajaniita mwanangu, na sasa aliniita amekaa kwenye kindoo.

"Basi nitakushonea iliyo nzuri," nikamwambia. "Yenye kulabu za kufungua, maana lazima ivuliwe, baba. Mvua ikinyesha, maji na vumbi vinaingia chini ya ngozi. Ukiiacha, inasugua. Itakula rangi yote ya pua."

"Acha iile."

"Baba?"

"Iache iile rangi. Mradi haionekani. Nataka barakoa isiyovuka."

Nimevisha magari mengi, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuombwa nishone kitu cha kulinda rangi, na kazi yake iwe kuiharibu rangi kwa siri.

Nilishona wiki nzima. Sitawachosha na cherehani. Ngozi nyeusi nje, flana laini ndani, mishono miwili miwili. Badala ya kulabu nikapitisha kamba ya nailoni ndani ya pindo, ya kukaza chini ya boneti na kupigwa fundo ambalo hata mimi mwenyewe nisingelifungua bila mkasi. Kila nikikanyaga pedali nilimwona mke wangu na sinia la mchele. Ningempeleka nyumbani kwa neno la baba yake, na yeye amesema neno la baba yake si lake. Lakini nilijifariji: hakuna mtu atakayeniuliza chochote. Asiyeulizwa hawezi kudanganya.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Mzee alikuwa bandani na kichupa, anapaka tabaka la mwisho.

"Ngoja likauke, baba."

"Hakuna muda. Anakuja. Visha!"

Nikavisha. Nikakaza kamba, nikapiga fundo, nikashusha boneti. Na ilikaa! Wasomaji, kazi ya mikono yangu nazijua sura zake, nzuri na mbaya, lakini ile ilikaa kama gari limezaliwa nayo. Mzee alilizunguka mara mbili amefumbata mikono nyuma, akitembea kikurugenzi. Akafungua pazia, akalisukuma gari uani tukisaidiana, jua likalipiga.

"Njooni wote!" akaita.

Mama mkwe akatoka, anafuta mikono kwa aproni. Mke wangu akatoka, akasimama kizingitini. Nyuma yake, ndani, nililiona sanduku. 

"Hii ndiyo kazi," mzee akatangaza. "Nilisema, na nimeridhika. Binti yangu, kijana huyu ana mikono. Chukua sanduku lako uende na mumeo."

Mke wangu hakusogea. Alikuwa ananitazama mimi.

Mama mkwe akakaribia. Akapitisha kiganja juu ya ngozi, akafuata mshono kwa kidole, akabonyeza pembe. "Umeshona vizuri, mkwe."

"Asante, mama."

"Sasa ivue nione na ndani."

Kuku wa jirani alipita. Tulimsikiliza wote.

"Haivuki," mzee akasema. "Ni ya kisasa."

"Haivuki?"

"Ndiyo maendeleo yake."

"Nguo isiyovuka inafuliwaje?" Mama hakuwa anamuuliza yeye. Alikuwa amenigeukia mimi, na sauti ile ile ya maelekezo ya dawa. "Mkwe. Nakuuliza wewe uliyeshona. Chini ya hii kuna nini?"

Mzee alinitazama. Hakukunja uso, hakutisha. Alinitazama kama siku ile kwenye kindoo. Nikaona watoto wa barabarani wakipunga mkono. Nikamwona amekaa anauliza chakula kimeiva.

Upande wa pili alikuwa mke wangu. Mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango.

"Mama," nikaanza, "unajua hizi ngozi za siku hizi, ukizivua, mvua..."

Mke wangu akageuka kuingia ndani.

"Rangi ya kucha!" nikapiga kelele.

Akasimama.

"Chini kuna mkwaruzo, mama, na juu ya mkwaruzo kuna rangi ya kucha. Nimeshona isivuke ili usiuone. Nilijua wakati nashona." Niliongea haraka nisije nikajizuia. "Na kichupa sikukichukua mimi, lakini fundi umeme nilimsingizia. Na kochi nilikata mwenyewe, kwa mkasi huu."

Mkasi nilikuwa nimeutoa tayari. Nikafungua boneti, nikakata kamba, nikavuta barakoa.

Ilitoka kwa shida kidogo upande wa kushoto, na ilipotoka tulielewa kwa nini. Rangi ilikuwa haijakauka, na flana ilikuwa imeng'ang'ania. Mkwaruzo wa Mkurugenzi ulikuwa umeota manyoya. Meupe, laini, yanapeperuka na upepo.

Hakuna aliyecheka. Nawahakikishia, nilitamani mtu acheke.

"Umenimaliza," mzee aliniambia polepole, na neno hilo bado liko masikioni mwangu ninapoandika.

Nilidhani mama atashtuka. Hakushtuka. Alichomoa unyoya mmoja, akautazama, akauachia.

"Mkurugenzi," akasema, "umepaka gari kila Ijumaa. Nguzo ya geti ulipaka lini?"

Sote tukageuka. Kwenye nguzo nyeupe ya geti, usawa wa goti, kulikuwa na mstari mwekundu mrefu kama mkono wangu. Nilikuwa nimeupita nikiingia, nikitoka, na nikiingia tena. Yeye alikuwa ameupita kila siku na macho yake hayakuwahi kutoka kwenye boneti.

"Umejua tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu jioni ile ile. Mkate ulikuwa umevunjika." Sauti ya mama ilitetemeka mara moja, kidogo. "Nimekuletea chai huku bandani kila asubuhi. Kila asubuhi nasema leo ataniambia. Ungeniambia nimegonga geti, nisamehe, ningenunua hata hiyo rangi nikakushikia brashi. Mimi sina vita na gari. Mpaka mkwe ndiye aniambie? Mkwe mwenyewe huyu?"

Niliamua kutoulizia maana ya mkwe mwenyewe huyu.

"Haya," akasema. "Ulikubali kwa mdomo wako. Tunaliuza?"

Mzee alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, akalitazama gari, akamtazama mkewe tena. Tuliokuwa pale tulimwombea.

"Siuzi," akasema, akitazama chini.

"Sawa."

Akaingia ndani. Mzee alibaki uani. Badala ya kumfuata mkewe aliinama, akaokota barakoa kwenye vumbi, akaipangusa, akaanza kuivisha tena kwenye pua, pembe moja baada ya nyingine. Nilitaka kumsaidia, lakini mkono wake ulinikataa.

Mke wangu alikuja akasimama mbele yangu na sanduku.

"Umejibu," akasema.

"Nimejibu."

"Ulianza na mvua."

"Nilianza. Nikaacha."

Akanipa sanduku nilibebe, na vidole vyake vikabaki juu ya vyangu kwenye mpini. Aliponiambia "twende nyumbani", nilisikia raha ambayo siwezi kuishona kwenye maneno. Nikaita teksi. Nikapakia sanduku. Nilikuwa nimeushika mlango wa nyuma nikimsubiri aingie.

Nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye changarawe.

Mama mkwe alikuwa anakuja getini. Amevaa viatu vya safari. Nyuma yake linafuata sanduku lake mwenyewe, kubwa mara mbili ya la binti, limefungwa na mkanda. Ulikuwa mkanda wangu.

"Mama?" mke wangu akasema.

"Nilisema kisipouzwa naondoka. Au mlidhani natania?" Akanikabidhi sanduku, akafungua mlango wa mbele, akaketi karibu na dereva, akakiweka kibegi chake mapajani. "Sina pengine pa kwenda ila kwa mwanangu. Na kwa mkwe anayesema kweli."

Nyumba yetu ni chumba kimoja na sebule. Sebuleni hakuna pa kukaa, wala pa kumlaza mtu. Mimi najua. Mke wangu anajua.

Mama alishusha kioo, akanigeukia kwa upole kabisa.

"Mkwe, usinifiche. Nitakuwa mzigo? Nafasi ipo?"

Mke wangu alikuwa mguu mmoja ndani ya teksi, mguu mmoja nje. Aliurudisha ule wa ndani, akasimama, akanitazama, akasubiri jibu langu.